Antivairasi Ikisema "Kirusi": Kabla Hujafuta na Kabla Hujamwita Fundi

Leo siongelei bei, wala picha za bidhaa, wala yule mteja anayeuliza "mwisho shilingi ngapi" halafu anapotea. Naongelea kile kiboksi kinachochomoza pembeni ya kioo cha kompyuta kikikwambia kuna kirusi. Wengi wetu tukikiona tunafanya moja kati ya mawili: tunakipuuza tuendelee na oda, au tunaingiwa na hofu tunafuta kila kitu. Yote mawili yanakula mtaji.

Mimi sijasomea kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, nauza mikoba na viatu vya kike hapa Mwanza, mizigo ya mikoani naituma kwa basi. Kompyuta nimejifunza kwa kubonyeza na kusoma usiku, bando la usiku likiwa bei nafuu. Kwa hiyo nitaongea lugha ya dukani, siyo ya darasani.

Kuna dada mmoja jirani yangu anauza vitenge. Oda zake, madeni yake, namba za wateja wake, vyote vilikuwa kwenye faili moja la Excel, miaka miwili ya kazi. Asubuhi moja antivairasi ikasema lile faili lina kirusi, ikalifungia. Akamwita fundi. Fundi akaangalia kioo kama dakika mbili, akasema hii mashine imeoza, dawa yake ni kupiga windo upya. 25,000. Saa moja baadaye kompyuta ilikuwa safi kama imetoka kiwandani. Faili hakuna. Dada wa watu akaanza kupiga simu moja moja akiuliza, "Samahani kaka, hivi mimi na wewe nani anamdai mwenzake?" Unadhani wadaiwa wote walijibu?

Baadaye tukaja kujua mpwa wake alikuwa ameweka makro ndani ya lile faili, yaani vile vimaelekezo vinavyofanya Excel ijumlishe mauzo yenyewe. Antivairasi huwa zinazitilia shaka sana makro kwa sababu wezi nao wanazitumia. Je, lilikuwa na kirusi kweli au lilisingiziwa? Mpaka leo hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeangalia. Hiyo ndo inaniuma kuliko ile 25,000.

Sasa tuelewane hii kitu inafanyaje kazi. Antivairasi ichukulie kama mlinzi wa getini. Kwanza ana daftari lenye alama za wezi wanaojulikana. Kila faili analilinganisha na daftari, likifanana analikamata. Lile daftari linaongezwa kila siku, ndiyo maana antivairasi haichoki kuomba intaneti. Lakini wezi wapya hawamo kwenye daftari, kwa hiyo mlinzi anaangalia na tabia: huyu mbona anaruka ukuta, mbona anakuja usiku, mbona kafunika uso? Shida inaanzia hapo. Fundi wako wa bomba naye anaweza kuja usiku, akaruka ukuta kwa sababu geti limefungwa, na kofia kavaa kwa ajili ya baridi. Mlinzi akimkamata hujamlaumu kwa kumshuku, ila aliyekamatwa ni mtu wako.

Programu nyingi tunazotumia sisi wadogo zina tabia za kuruka ukuta. Programu ya stoo inajiwasha yenyewe kompyuta ikiwaka, inafungua mafaili mengi kwa mpigo, inatuma taarifa mtandaoni. Vijana wetu wanaotuandikia hizi programu wengi wanazifungasha zote kwenye faili moja ili iwe rahisi kutuma, na watengeneza virusi wanafungasha vilevile. Halafu kuna suala la kujulikana. Kampuni kubwa zinalipia saini ya kidijitali inayothibitisha programu ni yao. Kijana wa mtaani hana hela ya kulipia saini kila mwaka. Ndiyo maana ukiifungua programu yake mara ya kwanza, Windows inaleta lile dirisha la bluu la kukuzuia. Lile dirisha lisome vizuri. Mara nyingi halisemi "hiki ni kirusi", linasema "huyu simjui". Ni maneno mawili tofauti kabisa.

Na usidhani zinazosingiziwa ni programu za mtaani tu. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee walitoa nyongeza ya daftari lao yenye kasoro. Ikalikamata faili linaloitwa svchost.exe kwenye kompyuta za Windows XP, faili ambalo Windows yenyewe haiwezi kwenda bila hilo. Kompyuta zikaanza kujizima na kujiwasha bila kukoma, nyingine zikakata mtandao. Kule Australia baadhi ya maduka ya Coles yalifunga milango kwa sababu mashine za kaunta hazifanyi kazi. Duka limefungwa, wateja wapo, bidhaa zipo, mwizi hayupo. Mlinzi kamfungia mwenye nyumba.

Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 2011, antivairasi ya Microsoft iliiita brauza ya Chrome mwizi wa nywila na kuitoa kwenye kompyuta za watu kama 3,000 hivi. Na Septemba 2022 Microsoft Defender, hii hii uliyo nayo wewe kwenye Windows 10 au 11, ilianza kupiga kelele kila mtu akifungua Chrome, ikisema imeona kitu kinaitwa Hive.ZY. Unafuta, inarudi. Unafungua brauza, inalia tena. Watu wakaskani kompyuta nzima, hakuna kitu. Microsoft wakatoa nyongeza mpya ya daftari, kelele ikaisha. Aliyesubiri na kusasisha antivairasi yake alirudi kazini. Aliyekimbilia kupiga windo alipiga bure.

Kwa hiyo kikitokea kile kiboksi, kitu cha kwanza ni mikono chini. Usibonyeze chochote. Toa simu upige picha ya kioo, ili jina lililoandikwa pale lisipotee. Kwa kawaida antivairasi haikimbilii kufuta, inaliweka faili karantini, yaani limefungiwa chumba cha peke yake, haliwezi kufanya kazi lakini bado lipo. Ndani ya karantini haliwezi kukudhuru, na wewe hujalipoteza. Kwa hiyo haraka yote uliyo nayo ni ya nini?

Kisha ingia kwenye antivairasi yenyewe, usitegemee kile kiboksi. Kwa Defender, fungua Windows Security, nenda sehemu ya virusi, utafute palipoandikwa "Protection history". Pale utaona mambo mawili ya thamani: jina la kilichokamatwa, na faili lilikuwa limekaa wapi.

Jina lina maana, usiliruke. Kwa Defender neno la kwanza linakuambia aina. Likianza na "PUA", huyo siyo kirusi hasa, ni programu isiyotakiwa, mara nyingi zile za bure zinazokuja na matangazo na kubadilisha brauza yako. Iondoe tu, hakuna msiba. Likianza na "HackTool", jiulize nani aliweka programu ya kukraki kwenye mashine yako (tutarudi hapo). Likianza na "Trojan" hilo ni zito zaidi, lakini angalia na mwisho wa jina. Likiishia na alama ya mshangao na herufi ml, kama Wacatac.B!ml, maana yake mashine imekisia kwa kufananisha tabia, haijalitambua kwa sura. Makisio yanaweza kuwa kweli, na mara nyingi ni kweli. Ila hapo ndipo faili lisilo na hatia linapokamatwa kirahisi zaidi.

Halafu jiulize historia ya hilo faili. Limekaa kwenye kompyuta yangu miezi minane, nalitumia kila siku, na leo antivairasi imesasishwa ndo inaliona baya? Hapo nashuku mlinzi. Limeingia leo asubuhi kwa WhatsApp kutoka namba nisiyoijua? Hapo nashuku faili, hata kama antivairasi imenong'ona tu. Swali hili moja linanisaidia kuliko yote, na halihitaji bando.

Mimi lilinikuta Desemba, msimu wenyewe. Programu yangu ya stoo kaniandikia kijana mmoja wa hapa hapa mjini. Ijumaa jioni akanitumia toleo jipya. Jumamosi asubuhi nina mizigo 14 ya kupeleka stendi, nafungua, programu haipo. Naangalia historia, Defender kaiweka karantini, jina linaishia na ile !ml. Sikuirudisha. Nilichukua daftari la karatasi nikaandika mizigo yote 14 kwa mkono, jina, mkoa, namba ya simu, kiasi kilicholipwa, basi zikaondoka na mizigo yangu. Mteja wa Tabora hajui hata kama kulikuwa na jambo.

Mchana ndo nikampigia kijana. Nikamuuliza: ni wewe uliyetuma? Saa ngapi? Faili lako lina ukubwa gani, nisomee mpaka tarakimu ya mwisho. Ukalingana. Akaipakia nakala yake VirusTotal, ule mtandao wa bure unaopima faili moja kwa antivairasi zaidi ya 60 kwa wakati mmoja. Zilizolalamika zilikuwa 3, na zote kwa majina ya kukisia. Nikamwambia awatumie Microsoft waichunguze, wana ukurasa wao wa kupokea mafaili ya namna hiyo, na haulipiwi. Wiki iliyofuata wakajibu ni salama, nikasasisha Defender, nikaifungua tena programu, kimya. Siku zote hizo nilitumia toleo la zamani lililokuwa kwenye flashi. Biashara haikusimama hata siku moja.

Kuhusu VirusTotal niseme vitu viwili, kwa sababu naona watu wanaitumia vibaya. Kwanza, idadi ndogo si cheti cha usafi. Antivairasi 2 au 3 zikilalamika kwa programu ya zamani ya mtu unayemfahamu, hiyo ni dalili ya kusingiziwa. Lakini faili lililotengenezwa jana na wezi nalo linaweza kukamatwa na 3 tu, kwa sababu bado halimo kwenye madaftari ya wengine. Zikilalamika 40, usijadiliane. Pili, kile unachopakia pale hakibaki siri yako, kinagawiwa kwa kampuni na watafiti wa usalama. Programu sawa. Orodha ya wateja wako yenye majina na namba za simu, usiipeleke kabisa.

Na ukijiridhisha faili ni salama, lirudishe hilo moja tu. Kuna mafundi wanaokufungulia folda nzima, au diski C yote, eti "ili isikusumbue tena". Hapo umemwambia mlinzi asiangalie geti. Wengine wanaongeza antivairasi ya pili juu ya ya kwanza, matokeo yake zinashukiana zenyewe kwa zenyewe na kompyuta inakuwa nzito kama imebeba mchanga. Moja inatosha, na ile iliyokuja na Windows haikudai senti.

Sasa upande wa pili, maana nisije nikakufanya uone kila kengele ni ya uongo. Wezi nao wanajua kwamba kengele za uongo zipo. Nenda kapakue programu ya kuchora matangazo iliyokrakiwa, maelekezo ya kwanza kabisa ni "zima antivairasi kwanza, itasema kirusi lakini ni uongo". Jamani. Mtu usiyemjua anakuomba umlaze mlinzi wako kwa muda kidogo ili aingize mzigo, na wewe unakubali? Inawezekana kweli mlinzi analalamikia ule ukraki tu. Inawezekana pia kuna kingine kimefichwa humo. Kwa kuangalia tu huwezi kuvitofautisha, na mimi siwezi.

Kwa sisi wa mtandaoni ninachoogopa zaidi siyo kompyuta kuharibika. Kuna virusi visivyoharibu chochote. Vinachukua nywila ulizohifadhi kwenye brauza na zile alama zinazokufanya ubaki umeingia kwenye akaunti, vinaondoka. Kesho yake ukurasa wako wa Instagram wenye wateja uliowakusanya miaka mitatu uko mikononi mwa mtu mwingine, anapokea hela za oda kwa jina lako. Na vinakuja vimevaa nguo za biashara: "Habari, nimeshalipia, fungua risiti hapo." Ukiangalia unaona Risiti.pdf. Jina lake kamili ni Risiti.pdf.exe, ila Windows kwa kawaida inaficha ule mkia wa mwisho. Fungua folda yoyote, nenda "View", uweke alama kwenye "File name extensions", mikia yote itaonekana. Risiti halali haiishii na exe hata siku moja. Tena malipo hayathibitishwi kwa faili, yanathibitishwa kwa salio lako.

Flashi iliyotoka steshenari nayo, ukaona mafolda yote yamegeuka njia za mkato na antivairasi inapiga kelele, usianze kutafuta kama imesingiziwa. Hicho ni kirusi cha kila siku. Acha kifanyiwe kazi.

Hata ile kauli ya "nimeipakua kwenye mtandao wao wenyewe" haitoshi kila mara. Mwaka 2017 toleo moja la CCleaner, lililotolewa na wenyewe kwenye tovuti yao halisi, lilikuwa limepachikwa kirusi na wadukuzi, na lilikaa karibu mwezi mzima. Walioliweka walizidi milioni 2. Programu ilikuwa halali, saini ilikuwa halali, kirusi kilikuwa cha kweli. Kwa hiyo umaarufu wa programu uupe uzito wake, lakini usiufanye hakimu.

Kuna na aina ya tatu ya kengele ambayo haitoki kwa mlinzi kabisa. Uko kwenye brauza unatafuta bei za mzigo, ghafla kioo chote chekundu, sauti inalia, "kompyuta yako ina virusi 5, piga namba hii sasa hivi", au "lipia antivairasi yako imeisha muda". Tovuti ya kawaida haina uwezo wa kuingia kuhesabu virusi ndani ya kompyuta yako. Hilo ni tangazo la kitapeli. Usipige, usilipe, usipakue chochote. Bonyeza Alt na F4 kwa pamoja brauza ifunge. Zikiwa zinachomoza kila siku pembeni hata kama hujafungua tovuti yoyote, ujue siku moja ulibonyeza kuruhusu tovuti fulani ikutumie taarifa. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya taarifa za tovuti, ondoa kila jina usilolijua. Zinaisha siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa vipodozi alikuwa anakaribia kulipia "antivairasi" ya namna hiyo kila mwezi, na kompyuta yake haikuwa na kirusi hata kimoja.

Ukitaka kujua kama mlinzi wako yuko macho, lipo faili la majaribio linaloitwa EICAR. Ni maandishi ya herufi na alama 68 tu, halina madhara yoyote, lilitengenezwa makusudi ili kila antivairasi ilikamate. Litafute kwenye tovuti ya EICAR wenyewe. Ukilipakua na antivairasi yako ikakaa kimya, basi una mlinzi aliyelala, na hiyo ni habari mbaya kuliko kengele yoyote niliyoitaja.

Mambo ya kufanya wiki hii, kabla msimu haujaanza: lile faili la oda na madeni litolee nakala mbili, moja kwenye flashi isiyokaa kwenye kompyuta muda wote, nyingine Google Drive. Mimi nafanya kila Ijumaa nikishafunga hesabu, hainichukui dakika tano. Kama umeandikiwa programu na kijana wa mtaani, mwambie kila toleo jipya alipitishe VirusTotal kabla hajakuletea, na toleo la zamani usilifute mpaka jipya limalize wiki mbili likifanya kazi.

Na siku ukilazimika kumwita fundi, kabla hajagusa kitufe mwambie akuonyeshe jina la kirusi na mahali faili lilipokuwa. Akishindwa kukuonyesha, mpe nauli yake aende.